Vifaranga zaidi ya sitini, wamebaki kumi na mmoja: banda lijengwe vipi, na mama atenganishwe nao lini?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi kijijini wilaya ya Manyoni, Singida. Nilikuwa na mitetea kumi na tatu ya kienyeji, sasa imebaki tisa na jogoo mmoja. Wanalala jikoni. Tangu Februari wametotoa vifaranga zaidi ya sitini, waliopo leo ni kumi na mmoja. Wengine walipotea mchana wakiwa wadogo kabisa, wengine waliota vipele usoni wakafumba macho wakashindwa kula, na mwezi wa nane mitetea minne ilikufa ndani ya siku tatu, inaharisha kijani, mmoja shingo imejipinda. Niliwapa shubiri mwitu, nikawapa na rangi mbili, wapi. Sasa mwanangu amenipa fedha nijenge banda. Nijenge la ukubwa gani na namna gani? Na ni kweli vifaranga wanatakiwa kutenganishwa na mama yao? Jogoo wangu yuko mwaka wa nne, nimbadilishe?

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa hasara hiyo. Nimefurahi kwamba umeandika kila kifo kilivyokuja, maana wafugaji wengi huniambia tu "wanakufa", nami nabaki nakisia. Wewe umenipa njia ya kufuata.

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, tuanze na ile mitetea minne ya mwezi wa nane. Kuharisha kijani, kufa haraka haraka, shingo kujipinda: hicho ni kideri, wengine wanakiita mdondo. Ni ugonjwa wa virusi na hauna dawa. Shubiri mwitu haiuwezi, mwarobaini hauuwezi, na rangi mbili haiuwezi pia. Rangi mbili ni dawa ya bakteria, tena ya binadamu. Ukimpa kuku mayai yake yanabaki na dawa, na wajukuu wako wanaila bila kujua. Nakuomba uiache kabisa.

Kinachozuia kideri ni chanjo, na chanjo hiyo unaimudu. Kwa mazingira ya kijijini inayofaa zaidi inaitwa I-2. Aina hii ya virusi vya chanjo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na leo chanjo inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Uzuri wake ni kwamba inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, kwa hiyo inaweza kusafiri hadi kwako bila friji ukiifunga kwenye kitambaa kibichi na kuikinga na jua. Unampa kila kuku tone moja kwenye jicho, mkubwa na mdogo, hata kifaranga wa siku moja. Mlaze ubavu, jicho moja juu, dondosha tone, kisha usimwachie. Subiri apepese. Tone lisambae jichoni kabisa ndipo umwachie, maana akijitikisa likamwagika hujachanja kitu. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Ukianza sasa, jiwekee Februari, Mei, Agosti na Novemba, uandike nyuma ya mlango.

Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako wote, na kikishafunguliwa kinatakiwa kiishe siku ile ile. Waite majirani mchange. Hili si la ujirani mwema tu. Kuku wako akiwa amechanjwa na wa jirani bado, ugonjwa utaendelea kuzunguka hapo hapo kitongojini, na vifaranga watakaozaliwa katikati ya chanjo mbili wataupata. Mwite afisa mifugo wa kata mchague siku moja, mfanye mapema asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa. Na ukiona kuku wa mtu anaharisha kijani, usimchanje wako aliyeanza kuzubaa ukitegemea atapona. Chanjo inamlinda mzima, na inahitaji kama wiki mbili kufanya kazi. Waliokufa wazikwe shimo refu au wachomwe. Tabia ya kukimbiza kuku wagonjwa mnadani ili zisipotee hela zote ndiyo inayohamisha kideri kutoka kijiji hadi kijiji, na wengi tunaifanya bila kujua madhara yake.

Vipele vya usoni ni ndui. Inaletwa zaidi na mbu na kwa kudonoana. Nayo haina dawa, ila ina chanjo inayochomwa kwenye ngozi ya bawa kuanzia umri wa mwezi mmoja hadi miwili, na kwa kawaida mara moja inamtosha. Baada ya siku saba hadi kumi funua bawa uangalie. Ukiona kiuvimbe kidogo pale ulipochoma, imeshika. Wanaougua sasa watenge, wape chakula laini na maji karibu na mdomo, uwasafishe macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Wengi wanaokufa kwa ndui wanakufa kwa njaa kwa sababu hawaoni chakula.

Waliopotea mchana wakiwa wadogo, hao mama ni mwewe, na labda kicheche au paka. Hapo ndipo banda na malezi vinapoingia.

Jikoni wahame, hata kabla banda halijaisha. Moshi unawaharibu njia ya hewa, utitiri unajificha kwenye nyufa na kutoka usiku kuwanyonya damu, na wakizidi unawakuta hadi kitandani. Lakini ubaya mkubwa wa jikoni ni kwamba wote wanalala pamoja: mitetea, jogoo, vijana na vifaranga wa wiki moja, juu ya kinyesi kimoja. Mkubwa ana minyoo na vijidudu vya kuhara damu ambavyo yeye ameshavizoea. Kifaranga anavidonoa leo, wiki ya nne unamkuta amejikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kina damu. Kwa hiyo ukinijengea banda zuri la bati kisha ukawachanganya wote chumba kimoja, utakuwa umehamisha jiko tu. Banda lako liwe na vyumba viwili. Hilo kwangu ni kubwa kuliko bati.

Ukubwa: urefu mita 4, upana mita 2.4. Nimechagua upana huo kwa sababu ya bati la futi kumi. Ukiezeka paa la mgongo mmoja, bati moja linavuka upana wote na kubaki na ukingo wa kama sentimita 30 kila upande, mvua haipigi ukutani. Bati saba zinatosha. Gawa kwa ndani: mita 2.5 chumba cha wakubwa, mita 1.5 chumba cha vifaranga. Kwa kuku wa kienyeji wanaoshinda nje na kulala ndani, wanne hadi watano kwa mita moja ya mraba ni sawa, kwa hiyo chumba cha wakubwa kinabeba kuku 24 hadi 30. Usizidishe. Wakifika 30 uza majogoo.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua lisiingie moja kwa moja. Kwenu kuna upepo, na miezi ya sita na ya saba baridi inauma. Kwa hiyo ukuta wa mashariki na wa kusini upandishe hadi juu kwa matofali ya tope, ubakize tundu dogo la hewa karibu na paa. Ukuta wa kaskazini upandishe hadi usawa wa kiuno, juu yake weka wavu, na uning'inize viroba vilivyoshonwa pamoja ambavyo utavishusha usiku wa baridi. Usizibe kabisa. Kinyesi kina hewa kali inayowasha macho. Asubuhi chuchumaa ndani ya banda, pua ikiwa usawa wa kuku, na ukihisi inawasha, jua wao wameivuta usiku kucha.

Ule wavu wa kuku wa kawaida unazuia kuku asitoke, lakini nyoka na kicheche mdogo wanapita. Chumba cha vifaranga kiwekee wenye matundu madogo, kidole chako kisipite. Kuta zisiribe vizuri ndani na nje, kila ufa uzibe, maana utitiri unaishi humo. Sakafu tumia udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa, inainuka juu ya usawa wa nje ili maji yasiingie, na juu yake mwaga maranda au makapi ya mpunga kimo cha vidole vinne. Yanapolowa, yatoe siku hiyo hiyo. Kuhara damu kunapenda unyevu kuliko kitu kingine chochote. Kuzunguka banda fyeka majani, na wakati wa siafu mwaga majivu mstari mpana kuzunguka msingi, uurudie kila mvua inaponyesha. Siafu wakiingia usiku kwenye vifaranga hawabakizi.

Ndani ya chumba cha wakubwa weka fito za kulalia, unene wa mkono wa mtoto, kila kuku apate nafasi ya shibiri moja ya mkono, zote kimo kimoja wasigombanie ya juu. Viota vitatu vinatosha kwa mitetea tisa, sentimita 30 kwa 30, kwenye kona yenye giza, mbali na fito ili wasilale humo na kuvichafua. Kila kiota kitupie majivu kidogo chini ya majani makavu, yanapunguza viroboto. Na nje waachie shimo la vumbi wanalojipigapiga mchana. Hiyo ndiyo bafu yao.

Sasa vifaranga na mama yao, swali ambalo naona linakusumbua moyo. Ndiyo, ni kweli, ila si siku ya kwanza wala kwa haraka.

Fikiria mtetea mmoja. Anataga kama wiki mbili, analalia siku 21, halafu ukimwachia atalea karibu miezi mitatu. Jumla ni kama wiki 17, maana yake mizunguko mitatu tu kwa mwaka. Ukimtoa kwa vifaranga wakiwa na wiki nne, na ukamlisha vizuri, anarudi kutaga ndani ya wiki mbili tatu hivi, na unapata minne au zaidi. Ni kuku yule yule, hujanunua mwingine.

Lakini jambo linalonipendeza zaidi ni kuwalaza mitetea kwa pamoja. Kila yai likitagwa, liokote, andika tarehe kwa penseli, lihifadhi mahali penye ubaridi, ncha nene juu, lisizidi wiki mbili. Kiotani acha moja la uongo, hata yai viza ulilotia alama. Mtetea wa kwanza akianza kuatamia, mwachie akae juu ya hilo la uongo. Ngoja wa pili na wa tatu nao washike. Wakishakaa imara watatu, usiku mmoja wape wote mayai yao kwa pamoja, kumi hadi kumi na tatu kila mmoja, kadiri anavyoweza kuyafunika. Siku ya saba, gizani, weka yai mbele ya tochi: lenye uhai linaonyesha mishipa kama mizizi myembamba, lisilo nalo linaonekana jeupe tupu. Hayo yatoe. Siku ya 21 utapata vifaranga wa umri mmoja, na hapo kila kitu kinakuwa rahisi: chanjo siku moja, chakula cha aina moja, hakuna mkubwa wa kumdonoa mdogo. Usiku huo huo waingize vifaranga wote chini ya mama wawili walio wapole. Yule wa tatu mrudishe kundini akatage. Fanya gizani, kwa mkono mtaratibu, watawapokea. Ukifanya mchana wanaweza kuwadonoa.

Mama hao wawili na vifaranga wao wakae kwenye kile chumba kidogo, wasitoke kabisa wiki mbili za mwanzo. Ndizo wiki za mwewe. Baada ya hapo watoke alasiri kwenye kiuga kilichofunikwa juu kwa wavu kuukuu wa samaki, au chini ya tenga kubwa, na kufikia wiki ya sita mwewe anapata shida kuwabeba.

Ndani ya chumba zungushia kona moja kwa fito zilizosimamishwa, nafasi ya vidole vitatu kati ya fito na fito. Vifaranga wanapita, mama hapiti. Chakula chao kizuri kiweke humo, la sivyo mama anakimaliza. Maji usiweke kwenye beseni, wanazama. Chukua kopo la maziwa, litoboe tundu moja karibu na mdomo, lijaze, lifunike na sahani, kisha geuza. Tundu likiwa chini ya ukingo wa sahani, maji yanajaa hadi pale na kusimama, na yanashuka mapya kila wanapokunywa. Badilisha kila asubuhi.

Wiki ya nne, kama ni msimu wa joto na manyoya yamefunika mgongo, mtoe mama. Nasema mtoe yeye, siyo vifaranga. Wao wabaki mahali wanapopajua, penye harufu yao. Mchukue usiku, mpeleke ambako sauti haifiki, hata kwa jirani siku tatu nne, kisha arudi kundini. Siku ya kwanza watalia, itakuuma, vumilia. Ila kama ni mwezi wa sita au wa saba, baridi imeshika, mwachie hadi wiki ya sita. Kwa vifaranga, joto la mama linazidi taa yoyote niliyowahi kuiona.

Usiku wa kwanza baada ya kumtoa, nenda kama saa tatu na tochi, fungua polepole, uwatazame kabla hawajaamka. Wakiwa wametapakaa kama mtu aliyemwaga njugu, wako sawa. Wakiwa wamerundikana, kuna baridi, na wa chini watakufa kwa kubanwa. Wakiwa wote wamehamia upande mmoja, tafuta tundu la upepo upande ule mwingine, lipo. Wakirundikana, watengenezee sanduku la kulala, lile ambalo wafugaji wengi wanaliita kinengunengu: boksi lililozungushiwa gunia na majani makavu pembeni, juu kitambaa kizito kinachopitisha hewa, mlango mdogo chini. Wanapasha joto wenyewe kwa miili yao. Ukiwa huna mama kabisa tangu siku ya kwanza, hapo itabidi joto la nje, nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likipungua kila wiki.

Na hapa nakusihi. Usiweke jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Niliwahi kuitwa asubuhi kwenye nyumba moja, nikakuta vifaranga ishirini na tatu wamelala wamejipanga vizuri, hakuna hata tone la damu, manyoya safi kabisa, wote wamekufa. Mwenye nyumba alidhani kuna mtu kamroga. Ilikuwa hewa ya mkaa, alikuwa ameziba hadi dirisha ili joto lisitoke. Kama lazima utumie mkaa, uwe umeshika moto wote nje, hauna moshi, na juu pawe wazi, na bado ile hewa inayoua haionekani wala haina harufu. Mimi ningekushauri ubaki na mama kuku.

Chakula, wewe uko Singida, una bahati. Alizeti mnayo, uwele mnao. Kwa vifaranga changanya makopo sita ya chenga za uwele au mtama mweupe, mawili ya mashudu ya alizeti yaliyochekechwa maganda, na moja na nusu ya dagaa waliosagwa, baada ya kuwapepeta mchanga. Chumvi usiongeze, dagaa wanayo. Kitu chochote chenye ukungu kitupe, usiseme ni cha kuku tu, sumu ya ukungu inaua ini lao. Ukipata hela ya kununua chakula cha vifaranga cha dukani kwa wiki tatu za mwanzo, nunua, halafu uhamie kwenye mchanganyiko wako. Na mchwa! Jioni jaza chungu kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua, nyunyiza maji, kigeuze juu ya tundu la kichuguu. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, kifunue haraka, utakuta kimejaa. Ukichelewa wanarudi chini. Vifaranga wakishaonja, watakuwa wanakukimbilia kila wanapokiona chungu. Wakubwa wape pumba na mabaki ya nyumbani jioni, ili wazoee kurudi bandani mapema.

Jogoo sasa. Miaka minne na amebaki na mabinti zake na wajukuu zake, mama, mbadilishe. Vifaranga wa ndugu wanakuwa dhaifu na mayai mengi yanakuwa hayana mbegu. Mitetea tisa inatosheka na jogoo mmoja. Mtafute kijiji cha mbali, siyo kwa jirani ambaye naye alichukua mbegu kwako, tena umwone mama yake ikiwezekana: awe mkubwa, anayelea vizuri. Wala usikimbilie jogoo chotara kwa ajili ya ukubwa. Mabinti zake wengi hawalalii mayai, na mpango wote niliokueleza hapo juu unategemea mitetea inayoatamia. Ukimpata, mpe chanjo ya kideri, kisha asiingie kundini. Mfungie peke yake wiki mbili kwenye chumba cha vifaranga kikiwa bado kitupu, chombo chake cha maji kisichanganyike, na wewe uhudumie wengine kwanza ndipo uende kwake. Akimaliza siku hizo bila kuharisha wala kukohoa, mtoe jioni umweke kwenye fito pamoja na mitetea. Yule mzee auzwe siku hiyo hiyo asubuhi, wasije wakapigana.